Tujenge madarasa, tusijenge maghala ya watoto

(Yafuatayo ni maelezo ya mwandishi wetu mbele ya mkutano wa wazazi, walimu na wajumbe wa kamati ya ujenzi wa kata moja ya Mkoa wa Pwani. Mkutano huo ulifanyika ndani ya darasa la shule ya msingi ili kuzungumzia ujenzi wa vyumba vinne vya sekondari ya kata katika kiwanja cha jirani. Tumeyachapa kama yalivyotolewa, ila majina ya shule na ya watu yameachwa.)



Shule hii ndiyo iliyonifundisha kusoma na kuandika, na chumba hiki tulimo ndicho nilichosomea darasa la nne, dawati la tatu kutoka dirishani. Kwa hiyo sikuja kama mgeni rasmi. Nimekuja kama mtoto wenu ambaye kazi yake ya kalamu imempa bahati ya kuingia katika shule nyingi za nchi hii, na ambaye mmemwomba aseme neno kabla fundi hajavuta kamba zake Jumamosi ijayo. Fundi si mimi, wala sikusomea uhandisi. Nitakayoyasema mtayapima wenyewe.

Kabla sijaenda mbali, namwomba kila mmoja wetu aangalie alivyokaa. Mkutano ulifunguliwa saa tisa alasiri. Sasa ni saa tisa na nusu, yaani tumo humu kwa muda usiotimia kipindi kimoja cha somo, na tayari makaratasi ya ajenda yamegeuzwa pepeo. Mzee wangu mmoja pale nyuma amekwisha sinzia, na wala simlaumu. Waliokaa upande wa magharibi wamehama madawati mara mbili wakilikimbia jua. Na sisi ni watu wazima, tumekula chakula cha mchana, na hakuna atakayetuuliza hesabu za sehemu tukitoka. Mtoto hukaa humu tangu asubuhi, mara nyingi kwa kikombe cha uji au bila hicho, kisha hupewa mtihani, na akishindwa huambiwa kuwa ni mzito wa kichwa.

Sisi waandishi tuna fungu letu la lawama. Mwanzoni mwa mwaka 2022 nilitumwa kuandika habari za kukabidhiwa kwa madarasa mapya katika wilaya moja. Mtakumbuka kwamba mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ili kupambana na athari za UVIKO-19, na kwa sehemu ya fedha hizo yakajengwa madarasa 15,000 katika muda wa miezi michache: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila chumba kwa shilingi milioni 20. Kazi ile ilikuwa kubwa, na mwenye kuibeza hakuwa na mtoto aliyesubiri nafasi ya kidato cha kwanza. Nami niliandika kwa furaha. Nilihesabu vyumba, nikahesabu madawati, nikaandika maneno ya shukrani ya wazazi, nikampiga picha kiongozi akikata utepe. Neno moja sikuliandika, kwa sababu sikulifikiria: sikuingia ndani nikakaa.

Baada ya mwaka na zaidi kazi ilinirudisha kwenye shule ile ile, saa kama hii. Chumba kilikuwa safi na rangi yake bado inang'aa, lakini kilikuwa kitupu. Wanafunzi walikuwa nje, chini ya mkorosho, ubao mdogo umeegemezwa kwenye shina. Nilidhani kuna adhabu. Mwalimu akanijibu kwa upole kwamba kuanzia saa saba chumba kile hakikaliki, kwa hiyo wamezoea kuhamia mkoroshoni mpaka wakati wa kwenda nyumbani. Ndugu zangu, tangu siku ile sijaweza tena kuandika idadi ya vyumba bila kujiuliza vinakaliwa saa ngapi.

Sisemi haya kuwavunja moyo watu waliojenga. Historia ya elimu yetu ni historia ya kukimbizana na idadi, na mara zote mbio hizo zilikuwa za haki. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoamua kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe ifikapo 1977, wananchi walisimamisha madarasa ya miti na udongo kwa mikono yao. Mwaka 2002 ukaja MMEM, mwaka 2004 MMES na shule za sekondari za kata, mwaka 2016 elimu bila ada. Kila mlango ulipofunguliwa watoto waliingia kwa wingi kuliko vyumba. Na mlango mwingine uko mbele yetu: kwa utaratibu wa mitaala mipya iliyoanza mwaka 2024, watoto wa darasa la sita na wale wa darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 wote watabisha hodi kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana kata yenu inajenga sasa, na ndiyo maana kata nyingine nyingi zitajenga. Kosa lililo katika mchoro mmoja litachapwa mara elfu kwa saruji, na saruji haifutiki kwa ufutio.

Sasa niingie katika jambo lenyewe.

Mchoro mlionionyesha unaweka vyumba vinne kwa mstari mmoja, uso wake ukitazama barabara. Barabara yetu iko magharibi. Maana yake ni kwamba madirisha ya mbele yatatazama magharibi na ya nyuma yatatazama mashariki, sawasawa na chumba hiki. Asubuhi, saa moja na nusu hadi saa nne, jua likiwa bado chini litaingia kwa nyuma na kuwapiga watoto shavuni. Baada ya adhuhuri litazunguka na kuingia kwa mbele, chini ya upenu, mpaka wakati wa masomo ya ziada. Upenu hauwezi kulizuia jua la chini, hata ukiurefusha namna gani, kama kofia isivyomsaidia mtu anayetembea kuelekea machweo.

Ukiligeuza jengo hilo hilo, ubavu wake ukatazama barabara na madirisha yakatazama kaskazini na kusini, mambo yanabadilika. Sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini, lakini nyakati zote mbili huwa juu sana, hata upenu wa kawaida hutosha kulitia kivuli dirisha. Asubuhi na jioni jua litapiga kuta za ubavuni, ambazo hazina madirisha. Tena kuna upepo. Wazee wavuvi mliomo humu mnajua kuliko mimi kwamba tangu Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na tangu Aprili hadi Oktoba huvuma kusi. Majina ya pepo hizo na majina ya pande hizo ni mamoja. Chumba kilichofungua madirisha kaskazini na kusini hupata upepo karibu mwaka mzima bila kulipia umeme. Waliojenga majahazi waliupanga mwaka wao wote kwa kuufuata upepo huu. Sisi wajukuu wao tunajenga darasa kwa kuufuata mwonekano wa barabarani.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu mjumbe mmoja amekwisha ninong'oneza: je, tuwaonyeshe wapita njia ubavu? Mimi naona ubavu ni mahali pazuri sana pa kuandika jina la shule kwa herufi kubwa. Mpita njia hupita kwa dakika moja. Mtoto hukaa miaka minne.

Na kuligeuza jengo hakugharimu hata shilingi moja, ilimradi kuamuliwe kabla ya msingi kuchimbwa. Hilo ndilo nililolikusudia hasa kuja kulisema leo, na kama mkutano ungevunjika sasa hivi kwa mvua ningerudi nyumbani nimetosheka.

Mvua yenyewe inanikumbusha paa. Bati ni kitu chema: jepesi, halivuji likipigiliwa vizuri, na mafundi wetu wote wanalijua. Lakini bati lililochakaa, likipigwa na jua la mchana, joto lake huweza kupita nyuzi 60, na joto hilo halingoji upepo. Hushuka moja kwa moja juu ya vichwa, kama mtu aliyesimama karibu na tanuri. Ndiyo maana mnaweza kufungua madirisha yote na kichwa kikaendelea kuuma. Kisha inapokuja masika, bati lisilo na dari chini yake hugeuka ngoma. Nakumbuka, katika chumba hiki hiki, mvua ikianza mwalimu wetu alikuwa akiweka chaki mezani, akakunja mikono na kungoja. Sisi tulifurahi, maana tulipata mapumziko. Leo nikijumlisha masika yote ya miaka saba naona kwamba tuliibiwa masomo mengi, na hakuna aliyeandika wizi huo katika taarifa yoyote.

Dari huzuia mambo yote mawili kwa kiasi kikubwa. Katika makadirio yenu nimeona marumaru za sakafuni na rangi ya mafuta ya uso wa mbele, lakini dari imeandikwa kwa penseli chini kabisa, kwamba itawekwa fedha zikibaki. Ninyi mnajua kama mimi kwamba fedha za ujenzi hazijapata kubaki tangu dunia iumbwe. Nashauri mpango ugeuzwe. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri yatosha kabisa kuzuia vumbi na funza, na hakuna mtoto aliyewahi kufeli kwa kukosa marumaru. Dari ipande juu ya orodha.

Mwalimu mmoja aliniambia asubuhi kwamba dari huleta popo, na kinyesi cha popo kina harufu mbaya kuliko joto lenyewe. Ni kweli, nimeyaona. Lakini popo hawaletwi na dari. Huletwa na mwanya ulioachwa kati ya ukuta na bati. Mwanya huo tunauhitaji, kwa sababu hewa ya moto hupanda na hapana budi ipate pa kutokea. Dawa ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, uliobanwa vizuri pande zote, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Hii ni kazi ya siku mbili kwa fundi mwenye nia. Jambo jingine dogo: ukuta wa kati upandishwe mpaka kwenye dari. Katika majengo mengi ukuta wa kati huishia usawa wa kenchi, na juu yake ni wazi, kwa hiyo mwalimu wa Jiografia hupiga kelele ili amshinde mwalimu wa Hisabati wa chumba cha pili, na watoto wa pande zote mbili hurudi nyumbani na masomo nusu nusu.

Kuna mtu mmoja ambaye ningependa sana mumjue. Anaitwa Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, nchi yenye joto kali kuliko hili letu. Alipokuwa mtoto alipelekwa mbali na nyumbani ili asome, na amesimulia jinsi walivyojazwa zaidi ya watoto 100 katika chumba kimoja chenye joto na giza. Alikwenda Ujerumani, akasomea usanifu wa majengo mjini Berlin, na akiwa bado mwanafunzi akaanza kutafuta fedha za kuwajengea watu wa kijijini kwake shule. Shule hiyo ilimalizika mwaka 2001. Hakuleta vioo wala mashine za kupoza hewa. Alitumia udongo wa pale pale, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kuwa matofali, na wanakijiji wenyewe ndio waliofanya kazi. Juu ya vyumba aliweka dari ya matofali yenye matundu. Juu ya dari hiyo, bila kuigusa, akainua paa la bati kwa vyuma vyembamba, likatokeza nje pande zote. Upepo hupita kati ya bati na dari na kuondoka na joto, na hewa ya moto ya chumbani hupanda kupitia yale matundu. Bati limebaki bati, ila limeondolewa kwenye vichwa vya watoto. Mwaka 2004 shule hiyo ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo.

Simleti hapa ili tumwige. Kasumba ya kuiga ndiyo iliyotufikisha hapa. Namleta kwa sababu alianza na swali ambalo kamati nyingi za ujenzi haziulizi: mtoto atajisikiaje humu ndani saa nane mchana?

Na swali hilo si la huruma tu, ni la maendeleo ya masomo. Nchini Marekani, mwaka 2020, wachunguzi walitoa matokeo ya kuangalia mitihani ya wanafunzi milioni 10 wa sekondari pamoja na hali ya hewa ya mahali walipo. Waliona kwamba katika shule zisizo na viyoyozi, mwaka wa masomo ukizidi joto kwa kiasi cha nusu ya nyuzi moja na ushei, wanafunzi hupoteza karibu asilimia 1 ya yale ambayo wangejifunza mwaka huo. Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Salford kilichunguza madarasa 153 katika shule za msingi 27, wakiwemo wanafunzi 3,766, na mwaka 2015 kikaeleza kwamba hali ya chumba chenyewe, yaani mwanga, hewa, joto, rangi, na namna mtoto anavyokiona chumba kuwa chake, ilichangia asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya watoto hao katika mwaka mmoja. Madarasa ya Uingereza si kama yetu, na sidai kwamba asilimia hiyo itakuwa ile ile Pwani. Lakini kama huko ambako paa halichomi mambo yako hivyo, sioni sababu ya kudhani kwamba kwetu chumba hakina neno. Tena wachunguzi wale waliona kwamba ukuta uliojazwa mapambo mno humsumbua mtoto sawa na ukuta mtupu. Hili nawaachia walimu wanaopenda kuchora ramani, moyo wa binadamu na bendera katika ukuta mmoja.

Nije kwenye mwanga, na hapa nitasema jambo linaloniuma. Nilikuwa na rafiki darasani, simtaji jina. Alikaa nami dawati moja. Ubao wetu ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta inayong'aa, na jua la dirishani likiupiga, maandishi yote hugeuka weupe mtupu kwa aliyekaa upande wetu. Mimi nilikuwa nikiinama na kuchungulia mpaka nikaona. Yeye macho yake yalikuwa dhaifu, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe, kwani mtoto hudhani kila mtu anaona kama anavyoona yeye. Alikuwa akinakili kutoka daftari langu, na nilipokosea mimi alikosea na yeye, makosa yale yale. Alichapwa kwa uvivu na kwa kuiga. Darasa la tano hakurudi. Nilikutana naye miaka mingi baadaye amevaa miwani, akaniambia huku akicheka kwamba siku ya kwanza kuivaa aligundua kwamba miti ina majani. Mimi sikucheka. Ubao ungepakwa rangi isiyong'aa, na madirisha yangekuwa ubavuni kwake, mwanga ukamwangukia mtoto kutoka kushoto, huenda mwalimu angeligundua tatizo mapema. Na watoto wetu wenye ualbino, ambao wengi wana uoni hafifu, hawahitaji darasa la peke yao. Wanahitaji dawati la mbele, mbali na jua la moja kwa moja, katika chumba ambacho ubao unasomeka.

Kuhusu madirisha, naomba niwe mkweli hata nikiudhi. Vioo vinavyoteleza kwenye fremu za aluminiamu vimekuwa fasheni, na mchoro wenu unavyo. Dirisha la namna hiyo, hata ulifungue mpaka mwisho, nusu yake hubaki imefungwa, kwa sababu kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Mnalipia dirisha zima, mnapata hewa ya nusu dirisha. Fikirini jinsi mambo yanavyoweza kupindana: tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa unaoenea katika hewa iliyotuama, zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Mwaka uliofuata, kwa fedha zilizokuja kwa ajili ya ugonjwa huo huo, baadhi ya vyumba vikawekewa madirisha yasiyofunguka sawasawa. Dirisha linalofunguka kwa nje kama mlango, lenye nondo za kuzuia wezi, hufanya kazi nzuri zaidi. Hata safu ya matofali yenye matundu juu ya lenta, ambayo vijana wetu wanaweza kuyafyatua hapa hapa, itaendelea kupitisha hewa usiku na mchana, hata mlinzi akisahau kufungua.

Mengine nayapitia haraka, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa mnayajua. Dawati la kidato cha kwanza lisiwe lile lile la kidato cha nne, kwani mtoto ambaye miguu yake haifiki chini huchoka mgongo kabla ya saa nne. Kiwango ni wanafunzi 40 kwa chumba cha sekondari. Najua mtakivuka, lakini mkikivuka acheni hata hivyo njia ya kumwezesha mwalimu kufika ukuta wa nyuma, maana mtoto asiyefikiwa na mwalimu kwa mwaka mzima hujiona hayupo. Baraza lenu lina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu haiwezi kuwa ile ya mita moja na nusu niliyoiona mchoroni. Hiyo ni ya kumwangusha mtu. Kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili inahitaji mita 5 na sentimita 40. Vyoo vya wasichana, tundu moja kwa wasichana 20, viwe na maji na chumba cha kujihifadhi chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Hilo likikosekana msichana hupoteza siku kadhaa kila mwezi, na baba zake tutabaki tukijiuliza kwa nini alama zake zimeshuka.

Sasa iko miembe miwili. Nimeambiwa imewekewa alama ya kukatwa kwa sababu imesimama mahali ambapo uso wa jengo utapita. Wazee wangu, miembe ile ilikuwa mikubwa nilipokuwa mtoto. Jengo likigeuzwa kama nilivyosema, itabaki yote miwili na itakuwa upande wa magharibi, ikitia kivuli ule ubavu unaopigwa na jua la alasiri. Tutakuwa tumepata bure kiyoyozi ambacho wengine hukingoja miaka 30 kimee. Na chini yake patawekwa viti vya saruji, mwanafunzi mwenye jambo moyoni apate pa kukaa na mwalimu wake pasipo masikio ya darasa zima. Shule zetu zimejaa mahali pa kupanga mistari, lakini zina upungufu wa mahali pa kukaa watu wawili wakazungumza.

Ndugu Mwenyekiti, nimesikia pia hoja kwamba watoto wengine wanasoma wamekaa chini, na kwa hiyo kuzungumza habari za upepo na kivuli ni anasa. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa waliosema hivyo ni watu waliobeba mchanga kichwani kujenga chumba hiki. Lakini waliojenga kwa miti na makuti miaka ile ya sabini hawakuwa matajiri kuliko sisi, na bado vyumba vyao vilikuwa na ubaridi na utulivu wakati wa mvua. Vilivuja, viliungua, sitaki turudi huko. Nasema tu kwamba kivuli na upepo havijawahi kuwa vitu vya matajiri katika pwani hii. Tena ujenzi huu unakwenda kwa fosi akaunti. Fundi ameajiriwa na kamati yenu, vifaa mnanunua ninyi, na mhandisi wa halmashauri yuko tayari kusikiliza, nimezungumza naye jana. Ramani ya chumba ni ya serikali, na haina haja ya kuguswa. Chumba kielekee wapi, mti gani ubaki, fedha zianze na dari au na marumaru, hayo yameachwa mikononi mwa watu waliomo katika chumba hiki.

Naona saa kumi inakaribia. Nimemwomba fundi mkuu aje na vigingi vinne na kamba, naye anatungoja pale miembeni. Kwa ruhusa yako, Ndugu Mwenyekiti, tutoke sote sasa hivi, kabla jua halijashuka, tukasimame mahali ambapo dirisha la kwanza limechorwa, kila mtu aangalie jua linampiga wapi.